Mbawakawa wa Kenya asiyefika milimita moja alikaa kwenye sampuli zaidi ya miaka 50. Spishi mpya inaelezwaje hasa?

Mchekecha Mboji (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Mwaka 2019 vyombo vya habari vya dunia vilitangaza mbawakawa mpya aliyepewa jina la Greta Thunberg, yule binti wa Uswidi anayepigania hali ya hewa. Jina lake la kitaalamu ni Nelloptodes gretae. Habari ikawa ya Greta, picha ikawa ya Greta, na mdudu mwenyewe akapitiwa kwa mstari mmoja tu: katoka Kenya. Leo nataka tumtazame mdudu, na zaidi tuitazame kazi iliyompatia jina, maana ndiyo kazi ambayo sisi wenye misitu tunaifanya kidogo mno.

Historia yake ni hii. Kati ya mwaka 1964 na 1965 mtafiti William Block alikuwa akikusanya udongo, mimea na majani makavu katika Afrika Mashariki. Sampuli zake ziliingia Makumbusho ya Historia ya Asili ya London mwaka 1978. Zikakaa. Baadaye sana Michael Darby, anayeshirikiana na makumbusho hayo na ni mtaalamu wa mbawakawa wadogo kupindukia, akazipitia na kukuta wadudu ambao hakuna aliyewahi kuwaandika. Tangu mdudu achotwe ardhini hadi apate jina, zaidi ya nusu karne ilikuwa imepita.

Hakuna aliyemficha. Alikuwa rafuni na lebo yake, akisubiri mtu mwenye ujuzi wa kumtambua. Na si kisa cha pekee. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulichukua spishi za makundi mbalimbali na kupima muda kati ya kukusanywa na kuelezwa: wastani ulikuwa miaka 21. Kwa hiyo tukisikia "spishi mpya imegunduliwa msituni", tujue kwamba mara nyingi ugunduzi wenyewe ulifanyika mezani, na aliyemchota mdudu huyo pengine ameshastaafu.

Sasa umbo lake. Urefu ni milimita 0.79. Chukua kadi yako ya benki uitazame kwa ubavu: unene ule ndio karibu urefu wote wa mnyama huyu, kichwa hadi mkia. Rangi ni ya njano iliyofifia. Hana macho. Hana mabawa ya kurukia. Vipapasio vyake ni virefu, na watu waliona vinafanana na misuko ya nywele za Greta. Pale ambapo macho yangekaa, katikati yake kuna kishimo kidogo, na kishimo hicho ni mojawapo ya alama zinazomtenga na jamaa zake.

Ni wa familia ya Ptiliidae. Mimi kila siku nachambua sampuli za majani makavu chini ya hadubini, na familia hii ndiyo inayonifanya nipunguze kahawa, maana mkono ukitetemeka kidogo tu mdudu ameshapotea kwenye sahani. Karibuni tujadili.

Pwani Asilia

Mkuu, uzi mzuri. Swali la haraka: mnyama hana macho, hana mabawa, na hafiki hata milimita. Anaishije? Anakula nini? Na kama haruki, alifikaje alipo?

Mchekecha Mboji

Dada Pwani, swali lako linagusa penyewe.

Anaishi kwenye tabaka la majani yaliyoanza kuoza, pale chini ambapo ukifunua kwa mkono unakuta unyevu na nyuzi nyeupe za kuvu. Chakula cha familia yake ni kuvu hao: mbegu zao, yaani spora, na nyuzi zenyewe. Mdudu mwenye ukubwa huo hupita kati ya chembe za udongo bila kuzisogeza. Kule chini hakuna mwanga, kwa hiyo macho hayana kazi, na mabawa ni mzigo. Kuna spishi za Ptiliidae ambazo ndani ya spishi moja utakuta wa aina mbili: wenye macho, mabawa na rangi iliyokolea, na wasio na macho wala mabawa, wenye rangi ya kufifia. Wenye mabawa ndio wanaohamia gogo jipya lililoanza kuoza. Wengine hubaki nyumbani.

Mabawa hayo, kwa wale walio nayo, ni kitu cha kutazamwa mara mbili. Bawa la mbawakawa wa kawaida ni utando. La hawa ni ujiti mwembamba wenye nywele pande zote, kwa hiyo ukilitazama unaona unyoya. Mwanzoni watu walidhani mdudu mdogo kiasi hiki anapeperushwa tu na upepo. Mwaka 2022 jarida la Nature lilichapisha kazi ya Farisenkov, Polilov na wenzao juu ya Paratuposa placentis, ambaye urefu wake ni kama milimita 0.4. Walimpiga picha kwa kamera za kasi kubwa. Mabawa yake ya unyoya huchora duara pana lenye umbo la namba nane, yanagongana juu na chini, na yale mabawa magumu ya mbele yanafanya kazi ya kuzuia mwili usiyumbe. Kwa kuwa bawa la nywele ni jepesi mno, mdudu hatumii nguvu nyingi kulirudisha. Anaruka kwa uwezo unaolingana na mbawakawa waliomzidi ukubwa mara tatu.

Na jike hutaga yai moja tu kwa wakati, kwa sababu yai lenyewe linajaza sehemu kubwa ya tumbo lake. Huwezi kulipunguza zaidi ya hapo likabaki na chakula cha kumtosha mtoto. Wataalamu wanadhani yai ni mojawapo ya mambo yanayozuia wadudu wasiendelee kuwa wadogo zaidi.

Kipapasio

Naongezea hapo kwa mkuu. Mdogo kuliko wote katika mbawakawa ni Scydosella musawasensis. Huyo alielezwa na Hall mwaka 1999 kutoka Nicaragua, anaishi ndani ya vijitundu vya uyoga wa miti. Lakini vielelezo vya kwanza vilikuwa vimebanwa kwenye vioo vya hadubini, mwili umejikunja, kwa hiyo kipimo chake kikabaki na utata. Mwaka 2015 Polilov aliwakuta wengine Colombia, akawapima kwa picha za kidijitali na programu ya kompyuta. Mdogo kuliko wote akatoka milimita 0.325. Ndiye mdudu mdogo anayejulikana miongoni mwa wale wasioishi kwa kunyonya wengine, maana wapo nyigu vimelea wadogo kuliko yeye.

Ninalisema hili kwa sababu wengi wanadhani kupima urefu ni kazi ya dakika moja. Kwa mdudu wa kiwango hiki, kichwa kikiinama kidogo tu, kipimo chako kimekufa.

Mwanafunzi Morogoro

Shikamooni wakubwa zangu. Naomba mkuu Mchekecha atueleze hatua kwa hatua. Nimeokota mdudu, sijamwona kwenye kitabu chochote. Natoka hapo kwendaje hadi awe spishi mpya rasmi?

Mchekecha Mboji

Marahaba mdogo wangu. Nitaandika kirefu, nivumilie.

Anza na uokotaji, maana sampuli mbovu haiokolewi na hadubini yoyote. Majani makavu unayapitisha kwenye chekeche la matundu ya karibu sentimita moja, unatupa majani mazima, unabaki na makapi na udongo. Makapi hayo yanaingia kwenye vifuko vya wavu, vifuko vinaning'inizwa ndani ya mfuko mkubwa wa kitambaa uliochongoka chini. Unaitwa mfuko wa Winkler. Kadiri makapi yanavyokauka, wadudu wanatafuta unyevu, wanatoka kwenye wavu, wanaporomoka hadi kwenye kikombe cha spiriti kilichofungwa chini. Siku mbili au tatu zinatosha. Hakuna umeme, hakuna taa, na ndiyo maana napenda Winkler kuliko faneli ya balbu unapokuwa mlimani.

Spiriti iwe kali, asilimia 96, kama unataka DNA baadaye. Na andika lebo papo hapo, kwa penseli, uitumbukize ndani ya chupa: mahali, vipimo vya GPS, mwinuko, tarehe, mkusanyaji, ulichekecha nini. Lebo ya nje ya chupa hufutika na spiriti. Mdudu asiye na lebo, hata awe wa ajabu kiasi gani, kisayansi ni takataka.

Halafu unachambua. Hapa Ptiliidae wanatofautiana na wadudu wengine. Koleo huwezi, utamponda. Unatumia brashi ya nywele chache au unamvuta kwa pipeti. Unamwona kama nukta ya njano inayoelea, na unamjua kwa vipapasio vyake vyembamba, pingili za mwisho zimejitenga na zina nywele ndefu zilizozunguka kila pingili.

Kisha inakuja kazi ya kumjua kwa ndani. Kwa nje spishi nyingi za familia hii zinafanana mno. Tofauti ya uhakika iko kwenye viungo vya uzazi, na kwa jike ni kile kifuko cha kuhifadhia mbegu za dume. Kwa hiyo mdudu analowekwa kwenye dawa ya kuyeyusha nyama, hidroksidi ya potasiamu hivi, mpaka libaki ganda linaloangaza. Tumbo linatenganishwa na kidari kwa sindano mbili nyembamba kabisa. Unatafuta kifuko hicho, na katika mnyama wa milimita 0.79 hebu jiulize kifuko chenyewe kina ukubwa gani. Ukishakipata unakiweka kwenye kioo cha hadubini, unakichora au unakipiga picha kwa ukuzaji wa mara mia nne na kuendelea. Vingine vimejikunja, vingine vimevimba upande mmoja, vingine vina mrija uliosokotwa. Umbo hilo halifanani kati ya spishi na spishi, na ukilizoea unalikumbuka kuliko sura za watu.

Sasa uliza: je, mtu mwingine ameshamweleza? Hapa ndipo miezi inapokwenda. Majina ya wanyama yanahesabiwa kuanzia mwaka 1758, toleo la 10 la kitabu cha Linnaeus, na maelezo yaliyoandikwa tangu wakati huo bado yana nguvu. Yapo ya Kilatini, ya Kijerumani, ya Kifaransa, mengine ni mistari minne bila picha. Usipoelewa maelezo, inabidi ukamtazame mdudu yule yule aliyetumiwa na mwandishi wa kwanza. Huyo anaitwa holotaipu, na ndiye anayebeba jina. Watu wakibishana miaka 200 baadaye jina hili ni la mdudu yupi, holotaipu ndiye anayeamua.

Ukijiridhisha kwamba hayupo, unaandika. Maelezo ya mwili mzima. Kisha aya fupi ya kumtofautisha na jamaa zake wa karibu, na mimi naona hiyo ndiyo aya ya maana kuliko zote, maana mwingine akimwokota kesho ataanzia hapo. Picha. Kama jenasi, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu, ina spishi kadhaa, unatengeneza ufunguo wa utambuzi, yaani orodha ya maswali ya alama inayomfikisha msomaji kwenye spishi sahihi. Unataja holotaipu ni yupi na anakaa makumbusho gani. Kwa majina yaliyotolewa baada ya mwaka 1999, usipomtaja jina lako halihesabiki. Wengine uliowatumia ni parataipu. Unatuma kwenye jarida, wataalamu wanakukagua. Kama jarida ni la mtandaoni pekee, kazi lazima isajiliwe ZooBank, daftari rasmi la majina ya wanyama la mtandaoni. Ikishatoka, jina limezaliwa.

Kuliweka jina kwenye mtandao wa kijamii au kulitangaza kwa waandishi hakufanyi kitu.

Mkulima wa Songea

Nimesoma yote. Sina ubaya na mtu, ila niulize kama mkulima. Mdudu asiyeonekana, anakula kuvu, hadhuru mahindi, hatoi asali. Faida yake kwangu ni ipi mpaka mtu akae mezani miezi?

Mchekecha Mboji

Mkuu, swali halali kabisa.

Hebu tukumbushane dumuzi. Anayekula mahindi ghalani. Huyo ni mbawakawa, Prostephanus truncatus, kwao Mexico na Amerika ya Kati. Aliingia Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1970, Tabora ikawa ya kwanza kuumia, kisha akasambaa Afrika. Tunao mbawakawa jamaa zake ambao ni wa zamani hapa, na wanafanana naye sana. Wanatofautishwa kwa kutazamwa nyuma: dumuzi mgongo wake unaishia ghafla, umekatika na kusawazika, una matuta yaliyopinda kwenye kingo. Mtu akiijua alama hiyo, anajua kwamba mgeni kaingia, na anajua aende kwao kumtafuta adui yake. Ndivyo ilivyofanyika. Mbawakawa mwingine wa Amerika ya Kati, Teretrius nigrescens, anayemla dumuzi, aliletwa Afrika kuanzia miaka ya 1990. Hakummaliza, lakini bila kazi ya majina hata jaribio hilo lisingekuwepo.

Upande mwingine, mchikichi. Malaysia walikuwa wanachavusha michikichi kwa mikono ya watu. Mwaka 1981 wakaleta kifukusi kidogo kutoka Cameroon, Elaeidobius kamerunicus, ambaye kwao ndiye anayefanya kazi hiyo. Mazao yakapanda na kazi ya mikono ikakoma. Mtu fulani alikuwa ameshamweleza mdudu huyo na kumpa jina kabla mtu yeyote hajajua thamani yake.

Kuhusu huyu wa kwenye mboji, sitakudanganya kwamba ataongeza gunia. Yeye ni sehemu ya jeshi linalogeuza majani kuwa udongo, na udongo huo nadhani wewe mkulima unaujua bei yake kuliko mimi. Lakini hata asingekuwa na faida hiyo, mimi binafsi naona nchi inapaswa kujua nani anaishi ndani yake.

Bibi wa Kakamega

Wanangu, mimi ni mwalimu wa bayolojia, sasa nimestaafu. Kazi naiheshimu. Ila jina linaniuma. Mdudu wa Kenya, udongo wa Kenya, na jina likaenda Uswidi kwa mtoto ambaye hakuwa amezaliwa hata sampuli zilipotoka hapa. Greta simchukii, anasema kweli. Lakini misitu yetu haina majina? Kakamega ni kipande cha mwisho cha msitu wa aina ya Kongo kilichobaki Kenya. Hakuna mzee aliyeulinda anayestahili?

Mchekecha Mboji

Shikamoo mwalimu. Hoja yako ni nzito na sitaibishia kwa juu juu.

Kanuni za Kimataifa za Majina ya Wanyama zinampa mwandishi uhuru mkubwa. Jina la mtu likiwa la mwanamke linamalizikia kwa -ae, la mwanamume kwa -i, na zaidi ya sarufi hakuna mengi anayokatazwa. Darby alieleza kwamba alivutiwa na kazi ya binti huyo katika mazingira na akataka kuitambua. Ni haki yake kwa kuwa yeye ndiye aliyeketi na hadubini. Na nikiri kwamba jina lile liliwafanya mamilioni wasikie kuwa kuna familia inaitwa Ptiliidae. Ndivyo ilivyokuwa pia mwaka 2018 kwa mbawakawa wa maji wa Borneo aliyepewa jina la Leonardo DiCaprio.

Ila jina la mtu maarufu lina upande wa pili. Slovenia kuna mbawakawa kipofu wa mapangoni aliyepewa miaka ya 1930 jina la Hitler, Anophthalmus hitleri. Mpaka leo jina halifutiki, kwa kuwa kanuni haziruhusu kufuta jina kwa sababu linachukiza. Matokeo yake wakusanyaji wa kumbukumbu za Wanazi wanamsaka mdudu huyo mapangoni ili wamuuze. Jina lilimletea mnyama maangamizi.

Mimi nikipata nafasi nitachagua jina la mahali. Jina la kijiji au kilele linamwambia msomaji wa miaka 100 ijayo aende wapi kumtafuta. Mwaka 2017 Vasily Grebennikov alieleza jenasi ya fukusi wasioruka wa Milima ya Tao la Mashariki, akaiita Lupangus. Mtu wa Morogoro akisoma hapo anakiona kilele cha Lupanga bila kuambiwa.

Bibi wa Kakamega

Marahaba. Umenijibu kwa adabu, ila hujanimaliza. "Aliyeketi na hadubini" aliketi London kwa kuwa sampuli ziko London. Mtoto wa hapa angeketi na nini?

Mwana Kivu

Bonjour ndugu wote. Niko Bukavu. Mama mwalimu amesema kweli na mimi naongeza ya kwetu. Karibu na hapa, Lwiro, ilikuwepo IRSAC, taasisi ya utafiti iliyoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1947. Narcisse Leleup alikuwa bingwa wa wadudu wa ndani ya udongo, alichekecha mboji ya milima ya Kivu. Mwaka 1957 yeye na Pierre Basilewsky walikuja mpaka kwenu, kwenye milima ya Tanganyika, wakakusanya sana. Leo ukitaka kuona holotaipu za wadudu hao unapanda ndege kwenda kwenye makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji. Mwanafunzi wa hapa Bukavu hawezi kupata viza ya kwenda kumtazama mdudu aliyetoka nyuma ya nyumba yao. Hiyo ndiyo shida, si jina.

Mchekecha Mboji

Ndugu wa Kivu, mwalimu, hapo nawaunga mkono wote wawili, na ndicho kiini cha uzi huu.

Zamani sampuli ziliondoka kwa sababu hapa hapakuwa na mahali pa kutosha pa kuziweka wala sheria ya kuzizuia. Leo sheria zipo. Itifaki ya Nagoya ilipitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika 2014; rasilimali za viumbe ni za nchi husika na anayezichukua anaafikiana nayo. Tanzania mtafiti anapita COSTECH, Kenya anapita NACOSTI, yaani tume za sayansi na teknolojia za nchi hizo. Nairobi kuna mkusanyo wa wadudu wa Makumbusho ya Taifa, na kuna icipe, kituo cha wadudu alichokianzisha Thomas Odhiambo mwaka 1970. Kwa hiyo holotaipu ya leo inaweza kubaki hapa, na ikibaki, mtaalamu wa London ndiye atakayeomba kuazimwa.

Ila kibali na kabati havielezi spishi. Anaeleza mtu. Tunafundisha wanafunzi wengi wa uhifadhi wanaojua kuhesabu tembo, na wachache mno wanaoweza kufungua tumbo la mdudu wa nusu milimita. Mbawakawa waliokwisha kupewa majina duniani ni kama 400,000, na makadirio ya mwaka 2015 yanasema spishi zote za mbawakawa huenda zikafika milioni 1.5. Wengi wa waliobaki wako nchi za joto, yaani kwetu. Fikiria milima ya Tao la Mashariki: kila mlima ni kisiwa cha msitu wenye ubaridi katikati ya nyanda kavu. Mdudu wa mboji asiye na mabawa hawezi kuvuka uwanda kutoka Uluguru kwenda Usambara. Kwa hiyo ukipanda mlima mwingine, tarajia spishi nyingine. Kipande cha msitu kikifyekwa kwa ajili ya shamba, inawezekana aliyekuwa anaishi hapo tu ameisha na hakuna hata lebo yake.

Na hatuna haja ya kufuata mwendo wa miaka 21. Alexander Riedel na wenzake mwaka 2013 walieleza spishi 101 za fukusi wa jenasi Trigonopterus wa New Guinea katika chapisho moja. Walitumia DNA kutenganisha, maelezo mafupi, picha nzuri. Majina mengi walichukua kwenye kitabu cha simu cha Papua New Guinea, majina ya familia za watu wa kule. Mwalimu, hilo nadhani ungelipenda.

Kipapasio

Kwenye DNA niongeze kidogo kwa wanaofuatilia. Inasomwa sehemu ya jeni ya COI, herufi 658. Zamani ilibidi kumsaga mdudu au kung'oa mguu, na kwa Ptiliidae mguu hautoshi kitu. Sasa analowekwa mzima kwenye kimeng'enya, DNA inatoka, ganda linabaki salama na linaweza kuwa holotaipu. Lakini DNA peke yake mimi siiamini. Iende pamoja na umbo.

Mwanafunzi Morogoro

Nimepata moto kwelikweli. Nianzeje kama sina hadubini nyumbani? Simu inatosha? Na naweza kuingia msitu wa Uluguru wikiendi hii na chekeche?

Mchekecha Mboji

Msituni usiingie na chekeche bila kibali, mdogo wangu. Uluguru ni hifadhi iliyo chini ya TFS, wakala wa serikali wa misitu, na sampuli iliyochukuliwa bila karatasi haiwezi kuchapishwa popote pa maana. Anza na rundo la mboji nyumbani kwenu au shamba la mgomba. Ptiliidae wapo huko pia, na wengi wao hakuna aliyewatazama.

Chekeche tumia la mchanga wa ujenzi. Mfuko wa Winkler fundi cherehani anaushona: kitambaa cheupe, juu panafungwa kwa kamba, chini pamechongoka na mdomo wa kufungia kikombe. Vifuko vya ndani ni wavu wa matundu ya milimita nne hivi.

Simu haitoshi. Itakusaidia kupiga picha ya mahali na kuchukua GPS. Omba hadubini ya maabara ya chuo jioni wakati haitumiki, na anza kwa kutenga makundi tu: sisimizi huku, utitiri huku, mbawakawa huku. Usikimbilie kutafuta spishi mpya. Jifunze kwanza familia za mbawakawa kwa vipapasio na miguu. Ukikuta nukta za njano zenye vipapasio vya nywele ndefu, ziweke chupa yake peke yake, spiriti asilimia 96, lebo ndani, kisha niandikie inbox.

Mkulima wa Songea

Mimi nina rundo la mboji la miaka minne chini ya mwembe. Kijana akitaka aje achekeche, ila anirudishie mboji yangu.

Mchekecha Mboji

Safi sana mkuu. Inarudi yote, Winkler haiharibu kitu. Vipimo vya kumpelekea fundi cherehani nitavichora kesho niviweke hapa hapa.